Ngozi Ingali Maji

Delmar Tveit aliingia na theluji mabegani,
akaweka juu ya meza yangu vitu viwili vilivyokosana:
ala ya babake na bastola ya babake.

Miaka thelathini na mmoja havijaonana, alisema.
Mzee alipokufa, ala ilibaki kwake, hapa Miles City,
bastola ikaenda Billings na mdogo wake, Arlen.
Ndivyo walivyogawana kila kitu:
huyu tandiko, yule hatamu,
huyu kisima, yule ndoo.
Panga mbili hazikai ala moja, hilo tunalijua,
lakini huu mmoja, na ala yake ya kuzaliwa nayo?
Nilinyamaza. Mteja wa asubuhi haanzwi na methali.

Arlen alifariki Februari. Mjane wake
aliileta bastola mwenyewe, ndani ya soksi ya sufu.

"Iingize," nikamwambia. Akaiingiza.
Ikakwama njiani, kama kitanda mlangoni.
Ala ilitundikwa msumarini, kando ya jiko,
baridi zote hizo, ikajikunja, ikakauka kau.
Na bastola nayo si ile. Arlen alibadilisha mtutu,
akatia mrefu zaidi, inchi moja na robo,
wenye kilengeo kama jino la panya,
kinachokwaruza ngozi kila kinapopita.

Nikafungua kilango cha pembeni, nikazungusha:
tk, tk, tundu sita, mzinga usio na nyuki.
Ndipo kazi huanza.
Bastola ya namna hii, kila risasi
sharti uivutie nyundo kwa kidole gumba.
Haijui haraka. Ala yake pia.

Baba yangu alishona makubadhi Pangani.
Bunduki hakuigusa maisha yake yote.
Lakini msharasi ni ule ule, uzi wa nta ni ule ule,
na neno lake, akilisema huku ameuma sindano:
ngozi ivute ingali maji.

Nikafumua mshono wa zamani,
nikatia ulimi wa ngozi mpya, upana wa kidole,
nikashona, nikailaza ala katika beseni la maji vuguvugu
mpaka mapovu yakaacha kupanda.
Delmar aliyahesabu. Alidhani sikumwona.

Bastola nikaivika nailoni mara mbili, isije ikapata kutu.
Juu ya mtutu nikabandika kijiti cha msonobari,
kiache njia ya lile jino.
Nikasukuma. Kisha vidole, kisha mfupa laini,
kuufuata mzinga, kulifuata pete la kifyatulio,
taratibu, kama unayemtafuta mtu usoni gizani.
Ukibana mno, ngozi hukataa kuachia.
Ukilegeza, farasi akiruka mara moja tu
utaokota silaha yako majanini, ukiiona.

"Mtutu utachungulia chini," nikasema,
"inchi moja na robo. Hilo siwezi kulitibu,
labda nishone ala mpya."
Alitazama dirishani, kwenye lori lake lililofunikwa nusu.
"Iache," akasema. "Hiyo inchi ni ya Arlen."

Nikamwambia isikaribie moto siku tatu.
"Kwa hiyo jiko ndilo lililoiharibu?"
Nikasema, jiko, na miaka.

Alhamisi alirudi. Nilikuwa nimeipaka mafuta,
imeiva rangi ya chai ya rangi.
Hakufunga kile kikamba cha nyundo.
Akaipindua juu chini hewani, akaitikisa,
nami nikatanguliza kiganja chini yake,
kama fundi asiyejiamini.

Haikuanguka.

Akauliza bei, nikamtajia, akalipa.
Alisahau glavu zake mezani, zote mbili,
na kiganja changu bado kilikuwa wazi.